Mtungi Uliomeza Neno

Mji huo haukuwa na jina. Waliokaa ndani yake waliuita hapa, waliokaa nje yake waliuita kule, na mambo yakatosha. Siku zake nazo hazikufuatana kama siku za miji mingine. Zilianikwa. Watu waliamka wakaitandaza siku yao juani, pamoja na muhogo na vyungu vibichi, na kama ilikauka vizuri basi imekwisha, ikakunjwa ikawekwa. Lakini ikinyeshewa kabla haijakauka, ilirudi. Mtu angefungua mlango akaikuta Jumanne ya zamani imekaa kizingitini, imejikunyata, imelowa, inaomba watu waiishi tena. Hakuna aliyeshangaa. Waliiingiza ndani, wakaipa uji wa moto, wakaiishi.

Ulikuwa mji wa wafinyanzi. Wanawake walichimba udongo bondeni, ule mweusi unaonata vidoleni kama ugali wa jana, wakauchambua mizizi na vijiwe, wakaukanda. Kisha walitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika mpaka vikawa chenga, wakazichanganya humo. Walifanya hivyo kwa sababu udongo mtupu ukiingia motoni hushtuka, ukapasuka. Unataka ndani yake kitu kilichokwisha kuuona moto, kiuambie tulia, ni joto tu, litapita. Kwa hiyo kila chungu kipya kilibeba chenga za cha zamani, na hicho cha zamani kilikuwa kimebeba za kingine kabla yake, na hicho cha kabla yake nacho vivyo hivyo, mpaka ukiuliza chungu cha kwanza kabisa kilipata wapi chenga zake, watu walikutazama kama umeuliza maji yalijifunzia wapi kulowana.

Na palikuwa na desturi. Chungu kikishatoka motoni kikapoa, aliyekifinyanga aliinama, akaweka mdomo wake kwenye mdomo wa chungu, akapiga hodi. Chungu kama kimeiva kiliitika, "Karibu," kwa sauti ya mkono uliokiumba. Ndiyo, ya mkono. Wafinyanzi wa hapo waliamini kwamba sauti ya mtu huanzia kwenye vidole, koo ni njia tu ya kupitia. Mfinyanzi ambaye chungu chake kimemwitika kwa sauti yake mwenyewe, huyo amehesabiwa ameingia. Ambaye bado, yuko nje, hata akilala chumba cha ndani kabisa na blanketi amejifunika mpaka masikio.

Nakijwa alikuwa nje.

Alikuwa msichana mrefu, kimya, ana tabia ya kujipaka udongo kwenye nyusi kila akifikiri. Vyungu vyake vilikuwa vizuri. Vilikuwa na ukuta mwembamba sawasawa, mdomo uliopinduka kidogo kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia akaghairi, na vilichemsha maharage upesi. Wanawake walivigombea. Ila kila alipovipigia hodi, viliitika kwa sauti ya Bibi Nankondo, bibi yake mzaa baba, aliyemlea. Haikuwa sauti ya kufanana. Ilikuwa yake yenyewe, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokitanguliza Bibi kabla ya neno lolote, kama mtu anayefuta miguu kabla ya kuingia.

"Khm. Karibu."

"Nankondo mdogo huyo!" shangazi yake, Mkunde, alikuwa akicheka kila mara. "Mama, umezaa tena uzeeni, hongera!"

Shangazi Mkunde alikuwa mnene wa nyonga, na vyungu vyake vilikuwa vinene vya nyonga, na viliitika kwa kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakurupuka. Hakuna aliyewahi kuuliza ni vya nani.

Bibi Nankondo mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye mwanya, na kovu la moto kiwikoni lililofanana na jani la mgomba lililochanika. Fundo la khanga yake halikukosa karanga. Kuku wake alikuwa amewapa majina ya wifi zake wote, wa zamani na wa sasa, apate kuwafokea bila kuvunja undugu. Nakijwa alijifunza ufinyanzi akiwa bado meno ya mbele hayajaota, ameketi katikati ya magoti ya Bibi, mikono ya Bibi juu ya mikono yake. Ilikuwa mikono minne ndani ya udongo mmoja, na udongo haukuuliza ipi ni ya nani. Harufu ya tumbaku na ngeu, ule udongo mwekundu wa kupaka. Pumzi ya Bibi utosini. Nakijwa alizaliwa mtumia kushoto, lakini hakuna aliyemkataza wala kumchapa. Aliufuata tu mkono wa Bibi, na mkono wa Bibi ulikuwa wa kulia. Wake wa kushoto ulijiendea ndani ya chungu kushikilia ukuta kwa upande wa giza, kama mtoto mpole anayepisha wageni sebuleni.

Na hivyo ndivyo alivyopenda. Usidhani aliteseka. Kuitikiwa na Bibi kutoka kila rafu ya kila jiko la mji, kuna raha gani zaidi? Bibi atakuwapo daima, alijiambia. Mimi nimemweka kwenye vyungu.

Halafu siku moja ilirudi.

Ilikuwa siku iliyonyeshewa zamani, Nakijwa akiwa mdogo. Waliikuta kizingitini imechuruzika matope, wakaiingiza, na ndani yake Bibi Nankondo alisimama uani akiwaita kuku. Lo! Ile sauti! Ilitoka, ikaruka ukuta, ikashuka bondeni, ikagonga kilima cha pili, ikarudi na kuku wa watu wengine. Nakijwa aliyekuwa mdogo ndani ya siku hiyo aliziba masikio akicheka. Nakijwa aliyekuwa mkubwa nje yake aliacha mdomo wazi. Alikuwa amesahau.

Jioni siku ile ikaisha, ikaondoka ikiwa imekauka. Bibi wa sasa akatoka uani kuwaita kuku walewale, na sauti yake ilikuwa kama unga unaopita kwenye chekecheke. Kuku mmoja tu aligeuka, yule wifi mkubwa, naye kwa adabu tu.

Nakijwa aliingia jikoni. Akavipanga vyungu vyake vyote kwa umri, tangu kile cha kwanza chenye mdomo uliobonyea mpaka cha juzi. Akavipigia hodi kimoja kimoja. Cha kwanza kiliitika kwa sauti ya kuruka ukuta. Kilichofuata, chini kidogo. Kingine, chini zaidi. Cha juzi kilinong'ona, na kile kikohozi ndani yake kilikuwa kikubwa kuliko neno.

Vilikuwa havimhifadhi. Vilikuwa vinamchota.

"Bibi."

"Naam, mama." Bibi alikuwa akimwita mama, dada, mjukuu, kutegemea siku iliyokuwapo.

"Sauti yako imo kwenye vyungu vyangu."

"Sasa ulitaka iwe wapi? Kwenye vya Mkunde?" Bibi alicheka, mabega yakatikisika bila mlio.

"Usinitanie, Bibi. Kila chungu kimekula kipande. Ulijua?"

Bibi alifungua fundo la khanga, akatoa karanga, akaimenya polepole, akampa. Hakuila yeye.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeacha kufinyanga." Akakohoa kikohozi chake. "Halafu, tusidanganyane, ilinipendeza. Napita kwa watu nasikia najiitika rafuni. Wewe unadhani mimi sina majivuno? Ninayo tele."

"Imebaki kiasi gani?"

Bibi aliitazama mistari ya kiganja chake kama anayekadiria chumvi. "Ya chungu kimoja," alisema. "Baada ya hapo nitakuwa nawapigia kuku makofi."

Basi Nakijwa akaacha kufinyanga. Udongo ukakauka kwenye pipa, ukapasuka juu kama kisigino. Mikono yake ikawa haijui pa kukaa. Aliiweka mapajani, ikatambaa yenyewe mpaka kwenye unga wa chapati, na chapati zikatoka na shingo. Alifikiri, na katika mji ule kufikiri kwa mtu kulisikika kama maji yanayodondoka kwenye chungu tupu, tone, na tone.

Nikifinyanga, anaisha.

Nisipofinyanga, mimi ni nani? Mtu mrefu mwenye udongo kwenye nyusi.

Nimejazwa na nini? Vigae. Vigae vya nani? Vyake. Na vyake ni vya nani? Vya mama yake, ambaye simjui, ila nacheka kama yeye, wanasema.

Kama kila kilichomo ndani yangu kilishakuwa cha mtu, je, kuna udongo wowote? Au mimi ni chenga tupu, na chenga tupu hazishikani?

Alijaribu kufinyanga bila kuwa Bibi. Akafanya chungu cha pembe nne. Shangazi Mkunde akakizunguka, akauliza, "Hiki ni cha kupikia au cha kuzikia?" Akafanya kinene kama kinu. "Hiki kitahitaji msitu mzima kuchemsha yai." Vyote alivifinyanga kwa ubishi, na vyote, kabla hata ya kuviweka juani, aliona mdomo umepinduka kidogo, kama wa mtoto anayetaka kulia akaghairi. Alivibonda vikiwa vibichi. Mkono ulikuwa ukienda ulikozoea, kama punda anayejua njia ya nyumbani hata mwenyewe akisinzia juu yake.

Mchana mmoja, amekaa mbele ya donge la udongo, aliutazama mkono wake wa kulia. Huu ni wa Bibi, alisema moyoni, naujua, hata kucha zake zinainama kwa Bibi. Kisha akautazama ule wa kushoto. Alishangaa jinsi ulivyokuwa mgeni kwake. Ulikuwa mweupe kiganjani na mlaini, kwa kuwa miaka yote hiyo ulikuwa ndani, gizani, ukishikilia. Hakuna aliyewahi kuona kazi yake. Watu husifu ukuta wa nje, hung'arisha ukuta wa nje kwa kijiwe, hupaka ngeu nje. Lakini tumbo la chungu, ule ukubwa wake, ule uwezo wa kubeba, umesukumwa na mkono wa ndani. Je, mkono huo huwa unasema nini huko, peke yake?

Akabadilisha. Mkono wa kulia akauingiza ndani. Wa kushoto akautoa nje, kwenye mwanga.

Akaanza mtungi mkubwa wa maji. Wafinyanzi wa pale hawakuwa na gurudumu. Chungu kilikaa kwenye kata ya majani makavu ya mgomba, na mfinyanzi ndiye aliyezunguka, kinyumenyume, ameinama, akiongeza msokoto wa udongo juu ya msokoto. Kila mtu alizunguka kwa kulia. Nakijwa, kwa mkono huu, alijikuta anazunguka kwa kushoto. Na kwa kuwa kila mtu aliyewahi kufinyanga alikuwa ameizungusha dunia upande ule, sasa ilianza kulegea. Mzunguko wa kwanza alikuwa na umri wake. Mzunguko uliofuata alikuwa mzee, kiwiko kinamuuma mahali penye kovu la jani la mgomba. Akiendelea, akawa mdogo mno hata mtungi ukawa nyumba, naye anaukanda ukuta wake kwa nje akitafuta mlango. Akawa mwanamke asiyemjua, anayecheka kama yeye. Akawa udongo wenyewe, ana baridi, anasubiri kuambiwa. Hakuogopa. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito na mjinga, uliacha alama za vidole kila mahali. Lakini ulikuwa unaenda mahali, na hapakuwa mahali alipowahi kupitishwa.

Tumbo likapanda. Mabega yakapanda. Shingo, alipoifikia, ikaanza kulala upande mmoja. Alijaribu kuinyoosha ikarudi. Aliingiza mkono wa kulia mpaka kwapani na kichwa chake kikafuata mpaka mdomo wake ukawa ndani ya mtungi, kwenye ile harufu ya mvua ambayo haijanyesha.

Wakati huohuo Bibi Nankondo alirudi kutoka bondeni na kikapu cha udongo kichwani. Mlangoni mwake mwenyewe, kwa mchezo waliokuwa wakicheza tangu zamani, akaita kwa ile sauti ya chekecheke:

"Khm. Hodi wenyewe!"

Na Nakijwa, kichwa kikiwa ndani ya mtungi, akajibu kama alivyojibu maisha yake yote.

"Karibu!"

Kimya. Neno halikutoka nje. Udongo mbichi ulilivuta, ukalimeza, kama ardhi ya kiangazi inavyomeza tone.

Shangazi Mkunde alikuwa uani anachambua mchicha. Ungo ulimdondoka.

"We mtoto! Umesema ndani ya udongo mbichi?"

Hilo halikuwahi kufanywa. Kila mtoto wa pale alifundishwa kabla ya kufundishwa kunawa: chungu kibichi hakisemeshwi. Kinameza, na pumzi ya neno ikipata joto inavimba, chungu kinapasuka, kinavunja na cha jirani.

"Nimesahau, shangazi. Bibi alipiga hodi."

"Amepiga hodi mlangoni, si tumboni mwa mtungi! Ubonde huo. Vyangu sivichomi na bomu."

Nakijwa alikuwa ameshainua ngumi. Alikuwa na sababu yake mwenyewe, kubwa kuliko ya shangazi. Mtungi huu ukiiva ukaitika kama vingine, ndio utakuwa kile chungu kimoja kilichobaki. Bibi ataishia hapo, asiwe hata na sauti ya kuomba chumvi. Afadhali usiwepo.

Bibi alitua kikapu, akaja akamshika ile ngumi. Ilikuwa ya kushoto. Akaifungua kidole kidole, akaitazama kama anayetambulishwa kwa mkwe.

"Kumbe ni huyu," akanong'ona. "Na wewe ulikuwa humu ndani siku zote?"

"Shingo imepinda, Bibi. Nimeshindwa kuinyoosha."

Bibi aliinamisha kichwa upande uleule wa mtungi. Wakatazamana, yeye na mtungi, kama majirani kwenye uzio.

"Inasikiliza," alisema. "Au imelala vibaya. Vyovyote vile, iache. Uchome mtungi."

"Ukikuchukua?"

"Utakuwa umenichukua." Akatafuta karanga kwenye fundo. "Mimi sauti nimeitumia, mwanangu. Nimeimba, nimefoka, nimewatukana mawifi wakiwa kuku na wakiwa watu. Wewe yako hata kanga haijamtisha."

Walichoma mtungi ulipokauka, asubuhi, kwenye uwanja wa majivu. Vyungu vya Shangazi Mkunde vilikaa mbali, vimegeuza nyonga. Kuni chini, samadi kavu kati, nyasi juu. Moto uliposhika, Nakijwa alisimama karibu mno hata nyusi zake zikanuka. Alisikilizia kishindo cha kupasuka. Akasikia nyasi, akasikia kuni, akasikia zile chenga za zamani zikisema ndani ya udongo, tulia, ni joto tu, litapita. Hakujua kama zilikuwa zikiuambia mtungi au zikimwambia yeye. Kishindo hakikuja.

Ulitoka mwekundu, na wingu jeusi la moshi limebaki ubavuni, na alama za vidole vya kushoto zimeuzunguka wote kama nyayo za ndege aliyekuwa akitafuta kitu. Shingo ilikuwa imelala upande. Haukufanana na chungu chochote cha mji ule. Wanawake walijikusanya. Hawakuwa wamejua kama ni mzuri, walikuwa bado wanaamua.

Ulipopoa, Nakijwa alipiga magoti. Akamtazama Bibi. Bibi alifumba mdomo, kama mtu anayebana kitu asidondoshe.

"Hodi," Nakijwa alisema ndani ya mtungi.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Mtu akakohoa, si kikohozi cha Bibi.

"Hodi."

Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, kila mtu anajua. Nyumba isiyoitika mara tatu, mgeni anaondoka zake. Wanawake walishusha macho. Shangazi Mkunde hakusema mzaha wowote, na hilo ndilo lililomuuma Nakijwa zaidi. Aliweka viganja chini ainuke.

Mtungi ukasema, "Hodi?"

Ilikuwa sauti ndogo, nzito kidogo, isiyozoea mwanga, na mwisho wake ulipinda kama shingo ya mtungi. Hakuna aliyewahi kuisikia. Lakini kila aliyekuwa pale alimtazama Nakijwa, kama mtu anavyotazama mlango akisikia nyayo za anayemjua. Ungeitikaje karibu? Karibu ulikuwa umeshapewa na Nakijwa, ukaimeza ungali mbichi, ukakaa nayo motoni. Mtungi haukujiona mwenyeji. Ulijiona umealikwa, na sauti iliyomo ilikuwa imesimama nje miaka mingi ikisubiri watu wageuke.

"Hodi?" ukarudia.

Nakijwa hakuweza. Kuitika ni kazi ya mwenye nyumba, naye hakujua kama yeye ndiye nyumba au ndiye mgeni. Alitazama mikono yake yote miwili. Mtungi ulibakiwa na mara moja tu.

"Hodi?"

Ndipo kikasikika kile kikohozi, nyuma yake. Bibi Nankondo alikuwa ameshika magoti, anajikunjua, ametoa kile alichokuwa amekibana. Ilikuwa sauti ya neno moja, na aliijua kuwa ni ya neno moja, akaitoa yote.

"Khm. Karibu, Nakijwa."

Akangoja iishe. Wote walingoja. Bibi alijigusa koo kwa ncha za vidole, akasikiliza ndani yake, akaona bado kuna kitu, kidogo, kimebaki chini kama maji ya mtungi yasiyochoteka. Akacheka, na safari hii kicheko kilikuwa na mlio.

"Ulikuwa wapi siku zote? Ingia, mwanangu, ingia," alisema. "Na ufunge mlango nyuma yako, wifi zangu wasije wakaingia."